Hotuba ya Mwenyekiti: Majani ya Kuzunguka Nyumba

 Kina mama hoyee! Runzewe hoyee!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya miaka kumi. Taarifa ya hisa na mikopo mmeshasomewa na mweka hazina wetu, hatutairudia. Kamati ya sherehe imetuomba tuseme juu ya jambo moja ambalo wageni wengi wakifika kwetu hutuuliza: "Haya majani mnayopanda kuzunguka nyumba mmeyatoa wapi, na ni ya nini?" Wengine huuliza huku wanacheka. Basi leo tutalijibu vizuri, na kwa kuwa maneno haya yanachapwa kitabuni, aliyekaa nyuma asisikie atayasoma nyumbani.

NYUMBA NDIYO HISA YETU KUBWA

Ndugu zetu, mikopo ya kikundi hiki ilianza na biashara ndogo ndogo: dagaa, mchele, vitenge, mama lishe. Lakini faida ilipopatikana ilikwenda wapi? Kila mmoja wetu anajua. Ilikwenda kwenye tofali, bati na saruji. Mwanamke wa hapa akipata hela yake ya kwanza anasomesha mtoto, ya pili anaezeka. Kwa hiyo ukitaka kuona akiba yetu ya miaka kumi usitazame sanduku la funguo tatu tu, tazama nyumba zetu.

Sasa nyumba hizi zina adui, naye ni mvua ile ile tunayoiomba kanisani na msikitini. Tuhesabu kidogo. Chukua nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Paa lake ni mita za mraba 80, hata kama tunaacha ule upana wa ziada wa bati. Mvua ikinyesha milimita 25, ambayo ni mvua nzuri ya siku moja tu, paa hilo linamwaga lita 2,000. Yaani ndoo 100 za lita 20! Ndoo mia moja zinamwagwa chini karibu na msingi, siku moja. Kama hapana mfereji wa bati wa kukinga maji, na kama chini ni udongo mtupu, hayo maji yanachimba.

Tena sisi wenyewe tumezoea kufagia. Uwanja safi ndiyo sifa ya mama wa nyumba, mama zetu walitufundisha hivyo na hatuwakosoi. Uwanja mweupe unaonyesha nyoka akipita, unaanikia mahindi na mihogo, unakalisha wageni msibani na harusini. Lakini kila ufagio unaondoka na udongo kidogo, na kila mvua inaondoka na mwingi. Baada ya miaka mitano sita unakuta kizingiti cha mlango kimekuwa juu kama ngazi. Si nyumba iliyopanda, ni ardhi iliyoshuka.

Mwenzetu mmoja, hatumtaji jina, masika fulani aliamka asubuhi akakuta kona ya nyumba imepasuka kutoka chini hadi kwenye linta. Alipochungulia, msingi ulikuwa unaning'inia, mkono unapita chini yake. Nyumba hiyo aliijenga kwa mikopo mitatu, na wa tatu alikuwa bado anaurejesha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ilibidi ajenge ukuta huku analipa deni.

Kuanzia hapo ndipo mambo ya majani yalipoanza katika kikundi.

MKOPO WA MAJANI

Jambo hili halikupita kirahisi. Mwanachama mmoja aliomba mkopo akanunue majani ya mapande, yaani yale yanayokatwa shambani pamoja na udongo wake, yakatandazwa kama mkeka. Alikuwa ameyaona kwenye hoteli huko mjini. Kikao kilichafuka. Wengine wakasema, "Majani ni ya ng'ombe, sisi tunakopa kwa ajili ya watu." Wengine wakasema huko ni kujionyesha. Wengine wakamtetea kwamba nyumba ni yake na marejesho ni yake.

Tulikaa tukalipima. Tukaona mwombaji ana haki katika hoja yake ya kulinda nyumba, na wanaopinga wana haki katika hoja ya fedha. Uamuzi ukawa huu: mkopo wa mapande hapana, siku ya kazi ndiyo. Tutachimba majani sisi wenyewe, tutapanda kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine, na mwenye nyumba atatoa uji na chai. Yule mama alinuna siku mbili, ya tatu akaja na jembe. Leo miche mingi mnayoiona kwa majirani imetoka kwake.

Tunalisema hili kwa sababu kikundi cha akiba si cha kutoa fedha tu. Kuna kitu unakopa fedha, kuna kitu unakopa mikono ya wenzako.

Tena si jambo geni kwetu. Runzewe kabla ya mwaka 2012 ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, ndipo tukaingia Mkoa mpya wa Geita. Shinyanga walijua thamani ya majani zamani. Wasukuma walikuwa na ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua isilishwe, ili kiangazi mifugo ipate kula. Miti ilipokatwa na ardhi ikabaki uchi, mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ulizirudisha ngitili kwa maelfu ya hekta. Mwaka 2002 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Kama majani yaliponya ardhi ya mkoa mzima, yatashindwaje kuponya uwanja wa nyumba moja?

KUCHAGUA

Majani yapo ya aina nyingi, lakini kwa hapa kwetu tuseme matatu.

La kwanza ni ukoka. Huu kila mtu anaujua, na mkulima anauchukia kwa sababu ukiingia shambani hautoki. Unatambaa juu na chini ya ardhi, unashika udongo, unastahimili jua na kukanyagwa. Kiangazi unakauka juu ukawa kahawia, lakini mizizi haifi, mvua ya kwanza unarudi. Kasoro yake ni kwamba haupendi kivuli. Chini ya mwembe utahangaika bure.

Na msiudharau. Kule Marekani, katika mji wa Tifton, jimbo la Georgia, wataalamu walichukua mchanganyiko wa ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1960 wakatoa aina iliyoenea kwenye viwanja vya mpira na gofu vya nchi za joto. Wenzetu wanaulipia, sisi tunaukanyaga njiani.

La pili ni pasipalamu. Lina jani pana kidogo, linapendeza macho, ndilo linalouzwa sana kwenye bustani za miche mijini. Linahitaji maji kuliko ukoka. Mwenye kisima uani au bomba la uhakika anaweza kulipanda. Anayechota mbali aliache.

La tatu ni lile linaloitwa jani la Kikuyu, ambalo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na limesambaa hadi Australia. Ni zuri sana, nene kama godoro, lakini ni la mahali pa baridi. Ukiliona Arusha au Lushoto lisikutamanishe. Hapa kwetu litakula maji ya watoto.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: chagua jani ambalo mvua ya Mungu inalitosha. Hatutaki mama abebe ndoo kichwani kunywesha majani. Jani linalodai ndoo zako kiangazi si la kwako, hata kama umepewa bure.

KUNUNUA

Kwanza uliza kama kuna haja ya kununua. Ukoka uko kando ya barabara, uko kwenye mipaka ya mashamba, na mwenye shamba atafurahi ukiung'oa. Omba ruhusa, usichimbe kwenye kingo za mtaro wa barabara, maana pale unafanya kazi yake ya kulinda lami.

Ukiamua kununua, jua unanunua nini. Yapo mapande na yapo mashina yaliyong'olewa, ambayo hupakiwa kwenye viroba. Turudi kwenye nyumba yetu ya mita 10 kwa 8. Ukiacha mita 1 ukutani na kupanda ukanda wa mita 2 kuzunguka pande zote, unahitaji kufunika mita za mraba 104. Ukinunua mapande, unanunua mita 104 kamili. Lakini pande la mita 1 ya mraba likichambuliwa shina kwa shina linatosha kupanda mita 10 au zaidi. Maana yake mapande 11 yanakufanyia kazi ya 104, tofauti ni subira tu. Mapande yanapendeza siku ile ile, mashina yanakutaka usubiri miezi miwili mitatu ya mvua. Sisi kina mama wa hisa tunajua kusubiri.

Sehemu moja tu tunashauri mapande: kwenye mteremko mkali, ambapo maji yatachukua mashina kabla hayajashika. Hapo chimba mapande yako hata ya ukoka, yashikize kwa vijiti.

Ukifika kwa muuzaji fanya haya. Ingiza mkono katikati ya kiroba. Ukisikia joto, au harufu ya kuchachuka kama pombe, acha. Mwenzetu alileta viroba kwa basi, vilikuwa vimekaa juani tangu juzi yake, akapanda vyote, halikuota hata shina moja. Vuta shina utazame: kifundo kiwe kibichi, mizizi iwe myeupe, isiwe ya kahawia na kuvunjika. Kisha tafuta ndago. Ndago ina vijitunguu vidogo vyeusi kwenye mizizi, na ikija na majani yako imekuja kukaa. Nunua asubuhi, mwagia maji kidogo, funika kwa gunia la katani lililoloweshwa, panda siku hiyo hiyo.

KUANDAA ARDHI

Wakati ni mvua zinapoingia, Novemba hivi, ardhi ikiwa imeshalowa. Usidanganywe na mvua moja ya Septemba.

Lima kina cha kiganja kimoja na nusu, kama sentimita 15. Ondoa mawe, mizizi, chupa, na hasa ndago yote. Changanya samadi iliyooza vizuri, mbichi itaunguza. Kisha sawazisha kwa reki, na hapa ndipo penye siri: mteremko uelekee mbali na nyumba. Kama uwanja wako umeinamia ukutani, majani hayatakusaidia, yatakuletea maji ndani.

Usipande mpaka ukutani. Acha hatua moja. Pale matone ya bati yanapoangukia weka mawe au kokoto, maana jani changa haliwezi kuvumilia kupigwa na maji hayo, na ukuta wa tofali mbichi haupendi unyevu wala mchwa. Majani yaanzie nje ya mstari wa matone.

Jamani, hapa tuna onyo, na tunaomba kila mtu alisikie. Uwanja ukiwa umeshuka, watu hutafuta udongo wa kujazia. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu. Kuna marudio, ule mchanga uliosagwa kwenye karasha na kuoshwa, umerundikana, ni laini na unasawazishika vizuri, na pengine unapewa bure. Usilete nyumbani. Mchanga huo umepita kwenye zebaki, mwingine umepita kwenye sianidi. Zebaki haiozi. Inadhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na inaumiza zaidi mtoto mchanga na aliye tumboni. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana juu yake katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na Tanzania imeuridhia. Mtoto anacheza chini, anakula udongo, kuku wanapekua pale pale. Bora uwanja wenye shimo kuliko uwanja uliosawazishwa na marudio. Hata yule baba anayetoka kwenye mwalo, aache nguo na viatu vya kazi nje, asikanyage navyo majani watoto wanapolala.

KUPANDA

Chambua mashina, kata pingili zenye vifundo vitatu au vinne. Chora mistari kwa jembe, ikate mteremko, isishuke nao. Kutoka mstari hadi mstari iwe shibiri moja. Laza pingili, fukia vifundo viwili, ncha yenye majani ibaki nje. Kanyaga kwa mguu ili udongo ushike. Kama hukukanyaga hukupanda.

Mwenye mapande ayapange kama fundi anavyopanga tofali, kiungo kisikutane na kiungo, yabanane, kisha yapigwe kwa ubao. Nafasi zilizobaki zijazwe udongo.

Wiki mbili za kwanza udongo usikauke. Mvua ikikatika siku tatu, hapo tu ndipo mwagia, jioni, kwa maji ya kuoshea mboga. Watoto na mbuzi wasipite. Wenye uzio wa minyaa wana bahati, lakini angalieni utomvu wake usiingie machoni.

Upande wa shamba chimba kijitaro au panga tofali za kuchoma zilizofukiwa, ukoka usivuke. Jirani asije akakushitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba umemwingizia adui, tena kesi hiyo utashindwa.

KUTUNZA

Yakifika urefu wa kidole, kata. Fyekeo lililonolewa linatosha. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, ukiyakwangua hadi udongo umerudi pale pale pa ufagio. Ng'oa magugu kwa mkono yakiwa madogo.

Wanaoogopa nyoka wana haki ya kuogopa. Lakini nyoka anajificha kwenye nyasi ndefu, rundo la kuni na matofali yaliyoachwa. Majani mafupi hayamfichi. Asiyeweza kukata basi asipande, tunasema wazi.

Na hatukusema uwanja wote uwe majani. Mbele ya mlango na jikoni paachwe peupe pa kuanikia, pa kukaa na pa watoto kurukia kamba. Majani yawekwe pale maji yanapopita. Hayo ni majani ya kazi, uzuri ni nyongeza.

Kwa wenzetu wapangaji: msipande kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba mbele ya shahidi. Kuna waliopendezesha nyumba kisha kodi ikapanda. Mwambie kwanza, mkubaliane kwamba kazi yako ihesabiwe kwenye kodi.

TUNAKOKWENDA

Ndugu Mgeni Rasmi, majani peke yake hayamalizi tatizo la zile ndoo 100. Dawa kamili ni mfereji wa bati na tangi, maji yakingwe yatumike badala ya kuchimba msingi. Hilo halipatikani kwa jembe na uji, linataka fedha. Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao tutaleta hoja ya kuongeza katika katiba yetu mkopo wa kukinga maji, wenye marejesho ya miezi mingi kuliko ule wa biashara, kwa sababu mfereji hauuzi kitu sokoni siku ya pili. Tunajua baadhi ya wanachama watapinga, waje na hoja zao kama walivyokuja nazo kwenye majani. Tutahesabu mbele ya wote.

Kwa sasa tunaomba mambo mawili. Kila mwanachama aliyekwisha kupanda atenge kitalu cha hatua mbili kwa mbili, ili mvua za Novemba zikiingia amgawie jirani asiye mwanachama, bure. Na siku ya kazi ya kwanza ya msimu ianzie kwa wale wenzetu watatu wajane ambao nyumba zao ziko mteremkoni. Majina yao katibu anayo, zamu itabandikwa.

Haba na haba ndiyo iliyojenga kikundi hiki, shilingi kwa shilingi. Ukoka nao unakwenda hivyo hivyo, kifundo kwa kifundo, mpaka umeshika ardhi yote. Tukashike tulichokijenga.

 Kina mama hoyee!